Boza lilikwenda Majengo, moto uko Maweni: nambari za zimamoto na maongezi ya redioni

"Assalaam aleykum mzee. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana hapa Malindi. Mwezi wa pili nyumba nne za makuti ziliungua mtaani kwetu Maweni. Watu walijitokeza wengi, lakini kila mtu alikuwa na simu sikioni. Boza la maji tulilokodi lilikwenda Majengo, kwa sababu mtu alituma sauti kwenye kundi la WhatsApp, kisha akajisahihisha, na dereva akasikia ile ya kwanza tu. Baada ya hapo tulichanga. Tuna pampu mbili za kubeba, mipira, pikipiki moja, mwenye boza amekubali kuitwa saa yoyote, na tumenunua simu sita za upepo, yaani redio za mkononi. Kijana wetu mmoja anayependa video za zimamoto wa Marekani ametuandikia orodha: pampu ziitwe Injini 51 na Injini 52, boza liwe Tanka 3, mbele ya kila jina tuweke 003 kwa kuwa ndiyo nambari ya Kaunti ya Kilifi, na redioni tuseme 10-4, 10-20 na kadhalika. Wazee wanasema huo ni mchezo wa watoto. Je, nambari hizi zinafuata sheria gani ya kimataifa, ili nasi tusikosee? Na tufanyeje tusirudie yale ya boza?"

Waaleykum salaam, mwanangu. Poleni kwa nyumba zile. Barua yako nimeisoma mara mbili, na naona umefunga maswali mawili kwa kamba moja. La nambari ni jepesi. La boza ndilo lililowachoma. Nitaanza na jepesi, maana ukilielewa, la pili linakuwa limefunguka nusu.

Sheria ya kimataifa haipo. Hata ndani ya Marekani kila mji una mtindo wake. New York wanahesabu vikosi kwa aina: injini, yaani magari ya pampu, zina mfululizo wake, na ngazi, yaani magari ya ngazi, zina wake. Ndiyo maana kituo kimoja cha Manhattan kina Injini 54 na Ngazi 4 chini ya paa moja, na mgeni akizisikia redioni atadhani zimetoka ncha mbili za mji. Los Angeles wao wakaona tabu ya nini. Kituo cha 27 kule Hollywood, injini yake ni 27, ngazi 27, ambulensi 27. London wana mtindo wa tatu: kituo cha Soho ni A24, gari lake la kwanza ni A241 na la pili A242, kwa hiyo herufi na tarakimu za mwanzo zinakuambia gari limetoka wapi, na ya mwisho inakuambia ni lipi. Miji mitatu, mitindo mitatu, na moto unazimwa kote. Hakuna wa kuwashitaki mkichagua wa kwenu.

Kuna jambo ambalo huenda video hazikumwonyesha kijana wenu. Neno linalotangulia nambari lina uzito kuliko nambari yenyewe. Injini, kwao, ni gari lenye pampu, mipira na tangi la maji. Ngazi ni gari la kupandia, kuvunjia milango na kutafutia watu, na kwa kawaida halibebi maji ya kuzimia. Anayeita injini anaomba maji. Anayeita ngazi anaomba mikono na shoka. Neno moja, na anayesikiliza amekwisha kujua kinachokuja kina nini na watu wake wanaweza nini. Sasa tazameni hiyo Tanka 3 yenu. Kwenye miji mingi ya mashariki ya Marekani, tanka ni lori la maji. Kwenye mioto ya misitu ya California, tanka ni ndege inayomwaga dawa kutoka angani. Neno ni lilelile, na mtu aliyeomba lori la maji anaweza kuletewa ndege. Nyinyi mna neno ambalo kila dereva, kila mama na kila mtoto wa Malindi analijua: boza. Mnaliacha kwa nini?

Nikupe mfano wa kwangu, nilipokuwa kijana kazini, kwenye kituo ambacho sitakitaja. Tulikuwa na magari mawili. Lililokuja mwisho tukaliita Gari Jipya. Miaka ikapita, likaletwa la tatu, nalo watu wakaanza kuliita Gari Jipya. Usiku mmoja simu ikaingia, msimamizi akapaza sauti: "Gari Jipya litoke!" Wafanyakazi wa zamani wakakimbilia lile walilozoea, wale wageni wakapanda lao, yakatoka yote mawili kwa lango moja. Kituo kikabaki kitupu, na simu ya pili ikaingia baada ya dakika kumi. Hakuna aliyekuwa mvivu usiku ule. Jina moja lilikuwa na picha mbili vichwani mwa watu, basi.

Kazi yote ya nambari ni hiyo: wanaosikia waone picha moja. Na hapo kuna siri nyingine ambayo wageni wengi wa kazi hii hawaijui. Nambari si ya chuma. Ni ya kikosi na kazi yake. Gari la Injini 54 likipelekwa gereji na wakapewa gari la akiba, gari lile la akiba linaitwa Injini 54 mpaka lao lirudi. Kwa hiyo mkiipa pampu jina, mnawapa jina wale vijana wanne wanaoibeba. Pampu ikiharibika na mkaazima ya jirani, bado wao ndio Pampu Moja, na kila mtu anajua walikuwa wapi na wanafanya nini.

Wenzetu wa Lamu wamelazimika kulijua hili mapema. Mji wa kale una vichochoro ambavyo punda wawili wenye shehena wakikutana, mmoja hurudi nyuma. Gari la zimamoto utaliingiza wapi? Pale kinachofika kwenye moto ni pampu ya kubeba, mpira na watu. Ukisema Pampu ya Mkomani au Pampu ya Langoni unawataja watu wanaojua kichochoro kipi kinatoka pwani na kipi kinaishia ukutani. Hesabu za Hollywood hazitasaidia kitu pale.

Basi tuzipange zenu. Pampu Moja, Pampu Mbili, Boza. Boza ni moja, halihitaji nambari. Siku mkipata la pili ndipo mseme Boza Moja na Boza Mbili. Hiyo 003 ifuteni. Ni kweli ndiyo nambari ya kaunti, na kwenye mioto mikubwa inayokusanya magari ya wilaya nyingi, tarakimu za mbele zinazotaja mtu ametoka wapi zina maana kubwa. Lakini nyinyi nyote mmetoka mahali pamoja. Tarakimu ambayo haitofautishi kitu ni pumzi inayopotea, na mtu aliyekimbia na mpira wa maji mita mia hana pumzi ya kupoteza.

Pikipiki ilinichekesha kidogo nilipowaza mtaiitaje. Vijana wataiita Boda, najua. Msithubutu. Boza na Boda kwenye redio yenye mikwaruzo, huku paa la makuti linalia kama bunduki, ni neno moja. Iiteni Pikipiki, au Mwongozi, kwa sababu nitakueleza hapa chini kwamba kazi yake ni kuongoza.

Na tukiwa kwenye masikio, tarakimu za Kiswahili zina mitego yake. Sita na tisa ni maneno yenye herufi zilezile zilizobadilishana viti. Nne na nane zimetenganishwa na irabu moja. Tatu na tano huanza sawa, na upepo ukila silabi ya mwisho umebaki kubahatisha. Marubani wanaotumia Kiingereza walikutana na tatizo kama hili, wakaongeza silabi kwenye tisa yao ili isisikike kama tano. Sisi tuna njia rahisi zaidi: mkiwa na vitu vichache, chagueni nambari zisizofanana. Moja na mbili hazijawahi kumchanganya mtu. Na tarakimu ndefu, kama nambari ya nyumba, isomeni moja moja: mbili, nne, moja. Mia mbili arobaini na moja ni safari ndefu, na ikikatika katikati hakuna anayejua ilikuwa inaelekea wapi.

Sasa hizo kumi-nne. Zina historia nzuri. Mwaka 1937 Charles Hopper, mtu wa mawasiliano wa polisi wa jimbo la Illinois, alikuwa na tatizo la mashine. Redio za magari za zama zile zilitegemea mota ndogo ya kuzalisha umeme wa kurushia sauti. Ukibonyeza kitufe, mota inachukua kitambo kidogo kufikia kasi yake, na silabi ya kwanza inaliwa. Wakaamua kila ujumbe uanze na neno "kumi", ili kitakacholiwa kiwe ni hiyo kumi, na tarakimu ya maana ifike salama. Mota zile zilikwenda zamani. Kumi imebaki kama mkia wa mjusi.

Ubaya wake ni kwamba kila idara ilijitungia maana zake. Kwa zimamoto wa New York, 10-75 ni kutangaza kwamba moto ni wa kweli na unawaka. Vuka uende idara nyingine, nambari hiyohiyo inaweza kuwa na maana isiyohusiana na moto kabisa. Siku idara tano zinapokutana kwenye janga moja, kila mmoja ana kamusi yake. Marekani yenyewe imejifunza: tangu mwaka 2006 serikali yao kuu imefungamanisha pesa zake za misaada na matumizi ya lugha ya kawaida kwenye matukio yanayokutanisha idara mbalimbali. Kijana wenu anajifunza kitu ambacho wenyewe wameanza kukitoa. Nyinyi mkisema "nimepata" badala ya 10-4, na "uko wapi?" badala ya 10-20, mtaeleweka na dereva wa boza, na askari wa kituo, na mama mwenye nyumba aliyesimama karibu akisikiliza.

Wazee wenu lakini nao wamekosea nusu. Maneno ya kuigiza ni mchezo, hilo sawa. Kuwa na majina maalumu na utaratibu wa kusema si mchezo. Watu wa pwani hii walijua tangu zamani kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mbiu ilikuwa na mlio wake, haikupigwa ovyo, na aliyeisikia alijua afanye nini. Waulizeni wazee kama mbiu ilikuwa mchezo.

Tuje kwenye boza. Huenda mnaona kwamba tatizo lilikuwa WhatsApp, na kwa kuwa sasa mna redio, limekwisha. Halijakwisha. Mtu aliyesema Majengo akimaanisha Maweni angeweza kusema hivyohivyo redioni, na dereva angekwenda hukohuko. Tofauti ya redio ni moja: wote wanasikia kwa wakati mmoja, na ni mmoja tu anayeweza kusema. Hiyo ni baraka na balaa. Wawili wakibonyeza pamoja, hamtasikia sauti mbili kama sokoni. Redio za namna hii huishika sauti yenye nguvu na kuifuta ile dhaifu, au zinatoa mlio wa kukoroma. Yule dhaifu hajui kwamba amefutwa. Ataachia kitufe akiamini ameeleweka.

Dawa yake ni ya kizamani na haina gharama: kurudia. Unaanza kumtaja unayemwita, kisha wewe mwenyewe. "Boza, Kamanda," yaani Kamanda, msimamizi wenu, anamwita dereva wa boza. Kwa nini yeye kwanza? Kwa sababu mtu anayekazana na mpira hasikilizi redio yote. Jina lake ndilo linalomshitua, na akishashituka anasikia nani anamtaka. Bonyeza, hesabu moja moyoni, ndipo useme, maana hata redio za leo hula mwanzo wa neno kidogo. Boza anajibu: "Kamanda, Boza, sema." "Boza, njoo Maweni. Simama kwenye lami mbele ya msikiti, Pikipiki atakupokea." Hapo sasa ndipo zilipoponyoka nyumba zenu nne. Dereva asiseme "sawa". Sawa haina kitu ndani yake. Aseme: "Maweni, kwenye lami mbele ya msikiti, Pikipiki atanipokea." Angekuwa amesikia Majengo, angetamka Majengo, na wenzake watano wenye redio wangemrukia kabla hajatia gia.

Msiyaamini majina ya mitaa peke yake. Majengo zimejaa pwani nzima. Kisumu Ndogo iko Malindi na iko Mombasa. Shela iko Malindi na iko Lamu. Mkipiga 999 au 112, anayepokea huenda hajawahi kukanyaga mtaa wenu, kwa hiyo mwanzoni mtaje Malindi, kisha mtaa, kisha alama ambayo hata mgeni ataiona kutoka barabarani: msikiti, shule, kituo cha mafuta. Boza lisiingizwe uchochoroni kwa maelezo ya redioni. Lije mpaka mahali kila dereva anapajua, Pikipiki ilikute pale, iliongoze. Ndiyo maana nikasema Mwongozi.

Mngekuwa na nafasi ya kufanya jambo moja tu kabla ya mwezi huu kwisha, ningewaambia: mchague Kamanda. Mwaka 1970 kusini mwa California moto uliwaka siku kumi na tatu, ukaua watu 16 na kuteketeza majengo zaidi ya 700. Walipokaa kutazama kilichowashinda, waliona kwamba watu na magari walikuwepo. Kilichokosekana ni utaratibu wa pamoja: idara zilikuwa na istilahi tofauti, redio zisizosikilizana, na haikuwa wazi nani anamwamuru nani. Kutokana na hapo ukazaliwa mpangilio wa amri ambao sasa umeenea nchi nyingi. Ndani yake mna kanuni moja ninayoipenda kwa sababu ni ya kibinadamu: mtu mmoja chini ya shinikizo anaweza kuwasimamia watu watatu hadi saba, na watano ndio vizuri. Nyinyi mna redio sita. Kamanda mmoja na watano wa kumjibu: Pampu Moja, Pampu Mbili, Boza, Pikipiki, na mmoja wa kusimama mahali pa wazi akihesabu watu, nani ameingia uani, nani ametoka. Huyo wa kuhesabu msimwone hana kazi. Wengine wote, hata awe mwenyekiti, hata awe mwenye nyumba, hawashiki redio. Wana la kusema, wamwendee Kamanda wamguse bega.

Kamanda hashiki mpira. Hapo vijana wengi hushindwa, kwa sababu aliye hodari ndiye huchaguliwa, na hodari hawezi kusimama akitazama. Lakini akishika mpira anaona upana wa mlango mmoja tu. Asimame upande unaotoka upepo, mahali anapoona paa zote, na atangaze jina lake mara tu anapofika: "Mimi ni Kamanda, niko kwenye mwembe."

Wa kwanza kufika atoe picha. Si hotuba. Unaona nini, unafanya nini, unataka nini. Tuseme ndiyo siku ile yenu, mwezi wa pili, kaskazi inavuma kutoka baharini. "Kamanda, Pampu Moja. Nyumba moja ya makuti, paa lote linawaka. Cheche zinaelekea bara, nyumba ya pili haijashika. Tunalowesha ya pili. Nataka Boza." Kwa sekunde kumi na tano Kamanda ameona moto asioufikia. Angalia pia kwamba Pampu Moja hakuishughulikia ile inayowaka. Makuti yakishashika hayana maombi. Maji yenu machache ni ya nyumba iliyo mbele ya upepo.

Na maji ni machache kweli. Mpira mmoja wa zimamoto wa kawaida hunywa kama lita 400 kwa dakika. Boza la lita 10,000 ni dakika 25. Kama kwenda kujaza na kurudi ni dakika 40, mna dakika hizo 40 zote za kusimama mikono mitupu. Hivyo dereva asingoje likauke. Likifika nusu aseme "Kamanda, Boza, nusu", na Kamanda apunguze mpira au atafute maji mengine mapema. Pampu zenu ndogo huenda zinatoa pungufu ya hapo, na hiyo ni heri: zipimeni kwa pipa na saa, mjue yenu ni ngapi.

Kosa jingine la hesabu nililiona likitesa watu wazima ni la neno "ongeza". Kamanda anaita: "Nataka pampu tano." Tano nyingine, au tano kwa jumla pamoja na mbili nilizonazo? Waingereza walilimaliza kwa kukubaliana kwamba anayeomba hutaja jumla. Akisema fanya pampu ziwe tano, na ana mbili, zinakuja tatu. Kubalianeni hivyo hata kwa ndoo na watu.

Pande za nyumba nazo zinagombanisha. Kushoto kwangu ni kulia kwako ukiwa upande wa pili. Wamarekani wanaipa sehemu ya mbele ya nyumba, inayotazama barabara, herufi A, kisha wanazunguka kama mshale wa saa: B ni kushoto kwako ukiwa umeitazama nyumba, C nyuma, D kulia. Ni mtindo mzuri palipo na barabara. Mitaa yetu mingi nyumba haijulikani inatazama wapi. Sisi tuna kitu bora, ambacho sijui kwa nini tunakiona aibu kukitumia: upande wa bahari, upande wa bara, kaskazini, kusini. Malindi bahari iko mashariki na kila mtu anajua iko wapi hata gizani. Anayesali anajua kaskazini kwa sababu kibla hapa kwetu ni huko. "Ukuta wa upande wa bahari unapasuka" hakuna atakayeuliza ni upi.

Kuhusu simu na redio, sitaki mtupe simu. Kuamshana usiku, kuita kaunti, kuomba Kenya Power wakate umeme, hiyo ni kazi ya simu. Kundi la WhatsApp ni la kutangaza kabla na kushukuru baada. Mkishafika kwenye moto, redio. Na tumieni chaneli ya moja kwa moja, redio kwa redio. Mtawasikia watu wakisifu minara ya kurudishia sauti inayofikisha kilomita nyingi. Aliye nyuma ya ukuta wa mawe ya matumbawe wenye unene wa mkono mzima huenda asiufikie mnara ule, lakini akamfikia mwenzake aliyesimama mlangoni. Anayemwokoa ni yule wa mlangoni.

Hata hivyo redio hukataa. Tarehe 11 Septemba 2001 New York ilipoteza watu 343 wa idara yake ya zimamoto, na baadhi ya waliokuwa ndani ya mnara wa kaskazini hawakuisikia amri ya kutoka, ingawa walikuwa na redio mikononi. Hao walikuwa idara kubwa kuliko zote Marekani. Kwa hiyo kila mwenye redio awe na filimbi shingoni, na mlio wa kutoka uwe mmoja tu usiochezewa: filimbi ndefu tatu, kila mtu anaacha mpira chini, anarudi kwa yule anayehesabu. Ukiisikia nawe unaipiga ili wa mbali apate. Ifanyieni mazoezi siku ya Ijumaa jioni uwanjani, watoto watacheka, sawa.

Hapa naomba unisikilize vizuri zaidi. Redio mlizonunua, kama ni zile za bei nafuu, mara nyingi huja zimefunguliwa masafa mapana, mpaka ndani ya masafa ya vyombo vya baharini. Chaneli 16 ya majini, megahezi 156.8, ni ya mabaharia kuitia msaada. Mkiikalia mkipimana sauti, mvuvi anayezama huko nje hatasikika. Nchini kwetu masafa hutolewa kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano. Msizitumie kabla hamjawaandikia na fundi mwenye kibali hajazipanga. Nambari na maneno naweza kuwapa kwa barua. Hili siwezi.

Wala siwezi kuwafundisha kwa barua kuingia kwenye nyumba inayowaka, na hamna vifaa vya kupumulia, basi msiingie. Kazi yenu ni paa la jirani, njia ya boza, kuhesabu watu, na mtungi wa gesi uliookolewa kabla moto haujaufikia. Kuzima moto ni jukumu la kaunti kwa Katiba ya 2010, na siku maafisa wa zimamoto wakifika, Kamanda wenu amwendee mkubwa wao ana kwa ana, amweleze moto uko wapi, watu wako wapi, maji yamebaki kiasi gani, amkabidhi. Kisha atangaze redioni kwamba amekabidhi, ili vijana wasibaki wakimtii mtu asiye na amri tena.

Msingoje siku ya moto ndio mjuane nao. Nendeni kituoni asubuhi ya siku ya kazi, watatu, na karatasi moja: majina yenu, nambari ya simu ya Kamanda, boza lina lita ngapi na midomo ya mipira yenu ni ya ukubwa gani, maana kama haiingiani na yao mtasimama mkitazamana. Waulizeni wao wanaziitaje pande za nyumba, na kama wana mtindo wao, ufuateni, hata kama wangu ni mtamu zaidi. Waombeni waje siku moja watembee Maweni kwa miguu. Na katika hao watatu, mmoja awe yule kijana wa 10-4. Usimvunje moyo. Anayekesha kusikiliza redio za watu wa mbali ndiye atakayevumilia kusikiliza zenu; mpe redio ya Pikipiki.